Springi Ngumu za Nassibu

Nyuki alikuwa amekauka, amenasa kwenye zulia la buti la gari. Aleksi alimbandua kwa vidole viwili, akamficha kiganjani kabla mwenye gari hajamwona.

"Nataka springi za katikati, fundi," Nassibu alikuwa akisema. "Gari hili ndilo langu la dukani kila siku. Mbio ni mara mojamoja, vijana wakiamua kutimuliana vumbi. Ukinifungia ngumu sana, mgongo kwisha. Laini sana, kona zitanitupa."

"Nimekuelewa, bosi," alisema Aleksi. Moyoni alikuwa na maneno mengine kabisa.

Tangu mvua zikatike, mizinga ya marehemu baba yake ilikuwa ikitoweka msituni kule Ulyankulu, mmoja mmoja, na nyuki wake ndani. Mzee aliichonga kwa mkono wake, akatia kila mmoja alama ya mikato mitatu, kama unyayo wa kuku. Kwa wafuga nyuki, mzinga wenye alama ya mtu hauguswi hata ukiukuta umeanguka njiani. Mama yake, Mama Godeliva, alilia kama aliyefiwa upya. Alichojua ni kwamba kila Jumamosi usiku alisikia gari likinguruma porini. Na sasa mwizi kajileta mwenyewe gerejini Kanyenye, na funguo kaacha!

Nassibu alipoondoka, Aleksi alishusha springi ngumu kuliko zote alizokuwa nazo. Mdogo wake Prosperi, aliyebaki shambani na mama yao na ambaye siku hiyo alikuja mjini kununua mbegu, alikuwa amekaa juu ya tairi akila muhogo.

"Hizo si zitamvunja mtu mgongo?" aliuliza. "Mwekee laini, kaka. Barabara zetu unazijua."

"Nazijua sana."

"Basi hata hizo za katikati, kama alivyoomba mwenyewe."

"Tangu lini umekuwa wakili wa Nassibu?"

Prosperi alicheka, akaendelea na muhogo wake.

Hesabu yake Aleksi hakumwambia mtu, maana siri ya watu wawili si siri tena. Anayehamisha mzinga huuziba mdomo kwa nyasi. Gari likiwa laini, nyuki husafiri wamelala. Lakini juu ya springi ngumu, kwenye makorongo ya njia ya kale ya misafara iendayo Ulyankulu, kila shimo ni rungu. Kizibo kitachomoka, na waliomo watatoka kumuuliza dereva anawapeleka wapi. Aleksi hakutaka polisi wala baraza. Alitaka uso wa mwizi uvimbe, mji mzima uuone kwenye mbio za Jumapili. Alikaza kila nati kwa raha ya mtu anayechinja jogoo aliyemdonoa.

Kisha akampigia mama yake simu. "Njoo mjini Jumamosi, mama. Jumapili nitakuonyesha aliyekuibia."

"Na mizinga iliyobaki?"

"Prosperi yupo. Atailinda."

Jumapili, baada ya misa, mama na mwana walisimama kwenye kiwanja cha mbio nje ya mji. Magari yalikwishaanza kunguruma. Mama Godeliva alikuwa ameshika rozari mkononi, lakini macho yake hayakuwa ya sala.

"Nikimwona nitamtemea mate," alisema. "Mungu atanisamehe."

Nassibu alifika kwa bodaboda. Uso wake ulikuwa laini, umenyolewa, unang'aa mafuta. Aleksi alimtazama mashavu, kope, masikio. Hapakuwa na hata kipele.

"Bosi, gari liko wapi?"

"Hilo ndilo na mimi nauliza!" Nassibu alikuwa amekasirika. Halafu akamwona mama, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama. Kumbe umeshatoka hospitali? Pole sana."

"Marahaba. Hospitali gani tena, mwanangu?"

"Si kliniki yako ya kila Jumamosi? Namwazima Prosperi gari akupeleke. Jana kalichukua jioni, mpaka sasa hajarudi, na simu hapokei."

Mama Godeliva alimgeukia Aleksi. Aleksi alikuwa akitazama barabarani.

Pikapu moja ilikuwa inaingia polepole, ikilivuta gari la Nassibu kwa kamba, milango yote wazi. Ndani ya buti mzinga ulikuwa umelala ubavu, mikato mitatu ikitazama juu. Kwenye bodi ya pikapu wasamaria walikuwa wakimmwagia maji mtu aliyekuwa akigumia, midomo imemjaa, macho yamefungwa kwa uvimbe.

Rozari ilimponyoka mama mkononi. Alimtambua kwa shati tu, lile alilomshonea Pasaka.