Asubuhi Iliyopotea

Barua ya kuachishwa kazi ilikuwa imeshapigwa mhuri. Bwana Shemweta, mkuu wa chuo, aliisukuma mbele ya Tunu, fundi wa kompyuta, akaweka kalamu juu yake.

“Tia sahihi uondoke. Mtambo wa kuchuja mtandao hauna hata mstari mmoja wa kumbukumbu za wanaoingia mtandaoni tangu saa tatu asubuhi ya leo. Umezifuta ili uwafiche wanaofungua upuuzi humu.”

Miaka tisa Tunu ameulea mtambo ule! Hakuigusa kalamu. Aliivuta kompyuta ya bosi wake bila kuomba ruhusa.

“Umeme uliporudi asubuhi, nani alirekebisha saa ya mtambo?”

“Mimi. Wewe ulikuwa hujafika. Ilikuwa saa tatu kamili, nikaandika tatu.”

“Mtambo hauhesabu saa kama sisi, mkuu. Saa tatu ya asubuhi kwake ni tisa. Ulipoandika tatu, uliurudisha usiku.”

Akatafuta kumbukumbu za usiku. Asubuhi nzima ikamwagika kwenye kioo, mstari kwa mstari, katika saa ambazo chuo kizima kilikuwa kimelala.

Shemweta alikohoa. “Basi, mama, yaishe.” Akanyoosha mkono aichukue barua.

Tunu aliibana mezani kwa kiganja. “Hayaishi!” Akaigeuza upande mtupu, akamshikisha kalamu. “Andika hapa nani aliyegusa saa.”

Wino wa mhuri ulikuwa umepenya hadi upande ule. Ncha ya kalamu ikatua katikati ya duara lile la zambarau, ikatulia.