Vifuko vya Mikono

Raya alikuwa akimkata mwanawe kucha kwa mara ya pili siku hiyo, lakini mashavu yalikuwa yameshachubuka. Idarusi alikuwa na miezi saba, macho yake ya manjano kama binzari, naye alijikuna hata akinyonya.

"Daktari amesema ni ini," Raya alimwambia shangazi yake, ambaye ndiye pia mama mkwe wake. "Nyongo haipiti inakotakiwa kupita. Inarudi kwenye damu, ndiyo inayomwasha. Eti ni ugonjwa wa kurithi, na mtoto haupati mpaka autoe kwa baba na kwa mama, wote wawili."

Shangazi Zuwena aliinuka. Akafungua sanduku lake la nguo, akatoa vifuko vidogo vya kitambaa, vya kuvika mikono ya mtoto, vyenye kamba za kufungia. Jozi mbili zilikuwa kuukuu, zina madoa ya damu yaliyogoma kutoka. Ya tatu ilikuwa mpya kabisa.

"Hizi kuukuu za nani, shangazi?"

"Za dada zake mumeo. Walitangulia mbele ya haki kabla hajazaliwa."

Raya aliishika ile jozi mpya. Uzi wake ulikuwa bado mweupe.

"Na hii umeishona lini?"

Shangazi aliichukua, akaushika mkono wa Idarusi na kuuvika kifuko taratibu. Kilimtosha sawasawa.

"Wiki ile mlipofunga ndoa," alisema, akaanza kukaza kamba.

Ndani ya kitambaa, vidole vidogo viliendelea kukuna.