Kiganja cha Mzee Kapufi

Zama hizo waliooana walipandikizwa kiganjani mishipa ya fahamu ya yavuyavu-chanuo, mnyama wa baharini anayedhaniwa kujitenga wa kwanza na ukoo wa wanyama wote. Mwili wake haujui kumkataa mwenzake. Wawili wakijeruhiwa huungana wakawa mmoja. Hivyo ukiminya kiganja chako, mwenzi wako husikia hata akiwa mbali.

Kila jioni Mzee Kapufi aliminya akiwa kazini, akajibiwa. Leo aliwahi kurudi, akaminya huku mkewe akikanda unga mbele yake. Akajibiwa.

“Mama Nyamizi, mikono yako si imo kwenye unga?”

“Nilichoka kuminywa, Baba Nyamizi. Mishipa yangu nilimpa Chausiku, mjane wa jirani, tangu masika.”

“Bila kuniambia?”

“Na elimu yako yote hukuona tofauti?”

Kiganja kikaminywa tena, taratibu. Kapufi aliapa kutojibu, lakini vidole vyake vikajikunja.