Pedali ya Tatu

Hakuna gari lililomshinda Bibi Usukani, ukitoa yote yenye klachi.

Hilo la klachi hakumwambia mtu. Alipoolewa alijitapa kwa mumewe kwamba amekulia kwenye malori, na tangu siku hiyo lori lao kuukuu la otomatiki lilibeba mchanga yeye akiwa dereva.

Sasa giaboksi ilikuwa imelala sakafuni mwa gereji, ikivuja mafuta meusi yanayonuka kuungua.

"Kuikarabati hii ni kubahatisha," fundi alisema. "Tuweke ya gia za mkono. Ipo, tena imara."

"Weka!" mume akadakia. "Mama watoto hizo ndizo zake."

"Mie naona tutafute otomatiki nyingine," alisema Bibi Usukani. "Tumeshaizoea."

Shemeji yake, aliyeumezea mate usukani ule miaka nenda rudi, akaangua kicheko. "Unaogopa, shemeji? Nitaendesha mimi, wewe pumzika nyumbani."

"Niogope nini? Nimezaliwa nazo!"

"Basi mama, nisaidie," fundi akampa ufunguo. "Nisogezee pikapu yangu, nayo ni ya gia za mkono."

Akapanda. Mumewe akamfungia mlango, akaegemea dirishani kwa fahari. Chini kulikuwa na pedali tatu, naye ana miguu miwili.

Akafuta kioo. Akavuta kiti. Akakirudisha. Mwisho akawasha, pikapu ikaruka kama mbuzi, ikazimika.

"Mke wangu," mumewe akasema taratibu, "kwenye hayo malori uliyokulia, ulikuwa ukikaa upande gani?"