Upande Ulioungua

Kila Ijumaa Mwanakombo alimpikia baba mkwe wake mkate wa kumimina, na kila Ijumaa mzee alisema, "Mtamu, mwanangu. Lakini si kama wa marehemu mke wangu." Alishabadilisha mchele, nazi, hamira, hata iliki.

Leo makaa ya juu ya kifuniko yaliteleza yakajaa upande mmoja, mkate ukaungua pembeni. Akakata kipande kilichoungua ili awatupie kuku.

"Hebu lete!" Mzee alikitafuna polepole, machozi yakamlengalenga. "Ndio huu."

"Baba, huo si umeungua?"

"Mama yenu alikuwa haoni kwa jicho la kushoto. Makaa yote akiyarundika kulia."

Ijumaa iliyofuata, kabla ya kupanga makaa, Mwanakombo alifumba jicho la kushoto.