Kistari

Skripti, programu fupi ya kompyuta, iligeuza mafaili yote ya projeksheni ya ramani kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya bila kulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililomtia mpima ardhi wasiwasi. Kompyuta iliyotulia hivyo ni kama mtoto aliyenyamaza jikoni.

Ramani alishazituma kwa wachimbaji wa mtaro asubuhi.

Akafungua faili la zamani kando ya jipya. Kwenye mstari wa mita za kusogeza ramani, la zamani: –3. Jipya: 3.

Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kile kistari kilikuwa kirefu mno. Aliyeandika faili la zamani alipiga kistari cha sentensi badala ya alama ya hasi, na skripti, aliyoiandika kwa mikono yake mwenyewe, ikakifagia kama takataka.

Toka hasi tatu hadi chanya tatu ni mita sita. Na bomba la gesi lilipita mita sita kutoka kwenye mtaro, upande huohuo.

Akampigia shemeji yake, msimamizi wa uchimbaji. Simu ikaita, ikaita.

"Shem, zima mashine!"

"Nini? Sikusikii, kijiko kinanguruma!"

"Nimesema zima!"

"Subiri kidogo, dereva ananiita. Eti amegonga chuma."