Mbawakawa Aliyelala

Uliyaona malori ya kifusi yakipita, ukageuza uso. Bi Mwasiti, na uchovu wake wote, alipiga magoti akachimba kwa vidole tope kavu la dimbwi la mwisho lenye mbawakawa wa majini. Kisheria, akipatikana hata mmoja, dimbwi halifukiwi.

“Inuka, mama,” alisema mpimaji aliyetumwa kukagua dimbwi. “Nilikagua mwezi mzima, nikaandika hayupo.”

“Kiangazi hulala chini ya tope, mwanangu. Wewe ulitafuta maji. Ndivyo mlivyolifukia na lile dimbwi la machinjioni.”

Akafunua kiganja. Mdudu mweusi, mdogo kama punje ya kunde, akanyoosha mguu mmoja.

Mpimaji akaitazama karatasi yake, kisha lori lililokwisha kuinua bodi, tayari kumwaga.

Kifusi hakijamwagwa bado. Nenda ukasimame na Bi Mwasiti, sasa hivi.